Kipalapala kwenye Njia ya Misafara: Miaka 100 ya Maisha ya Mafrateri

Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo ya Kipalapala, iliyoko nje kidogo ya mji wa Tabora, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1925, na kwa hiyo mwaka 2025 ilitimiza miaka 100 ya kuwalea vijana wanaojiandaa kupokea daraja takatifu ya upadre katika Kanisa Katoliki. Hata hivyo, jina la Kipalapala lilikwisha kuandikwa katika barua na shajara za wamisionari wa Kifaransa takriban miaka 40 kabla ya hapo, kwa kuwa katika muongo wa 1880 palikuwa na kituo cha misheni ambacho kilijengwa, kikastawi kwa kiasi, kisha kikaachwa. Historia ya taasisi hii basi ina mianzo miwili, na kinachoiunganisha si majengo, kwa kuwa yale ya kwanza yaliachwa nyuma, bali ni namna ya kuigawa siku: saa ya kuamka, saa ya kunyamaza, saa ya kusoma na saa ya kushika jembe. Utaratibu huo ulizaliwa katika seminari za Ufaransa, ukapitia Algeria na Tunisia, ukafika Unyamwezi kwa miguu pamoja na mizigo ya vitambaa na shanga.

Inafaa kusema mapema kwamba Kipalapala haikuwa monasteri kwa maana kamili. Monasteri ni makao ya watawa wanaojifunga kwa nadhiri kuishi pamoja chini ya abate, wakizunguka ratiba ya sala za pamoja na kazi za mikono, na Tanzania ina nyumba za namna hiyo huko Peramiho na Ndanda, zilizoanzishwa na Wabenediktini waliotoka St. Ottilien nchini Ujerumani. Waliofika Tabora walikuwa watu wa aina nyingine, yaani Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa pia Mapadre Weupe: shirika la mapadre na mabruda waliofungwa na kiapo cha kazi ya umisionari badala ya nadhiri za kitawa, lililoundwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Pamoja na tofauti hiyo, mwanafunzi aliyeingia katika nyumba yao alikuta maisha yanayokaribiana sana na ya watawa, kwa sababu Lavigerie mwenyewe alikuwa amelelewa katika seminari ya Saint-Sulpice ya Paris, ambayo tangu karne ya 17, chini ya mwanzilishi wake Jean-Jacques Olier, iliamini kwamba padre hatengenezwi na masomo peke yake bali na kuishi miaka mingi katika nyumba moja na walezi wake, akila nao, akisali nao na kutazamwa nao kila siku. Walezi wa kwanza wa wanovisi wa Lavigerie huko Algiers walikuwa Mjesuiti mmoja na Msulpisi mmoja, na kutoka kwao shirika likapata kanuni ya maisha ambayo baadaye ilitumika Maison-Carrée, karibu na Algiers, na Carthage nchini Tunisia, ambako vijana wa shirika walisomea teolojia.

Njia iliyoifikisha kanuni hiyo Tabora ilikuwa ya zamani kuliko wamisionari. Kutoka Bagamoyo misafara ilikwea hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye shida ya maji na madai ya hongo, yaani ushuru waliotoza watemi kabla ya kuruhusu watu kupita, ikaingia katika mapori ya miombo na kufika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambamo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamejenga matembe yao, nyumba ndefu za udongo zenye paa la bapa. Hapo njia iligawanyika: moja ilielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kazeh, kama eneo la Tabora lilivyoitwa na wasafiri hao, mwezi Novemba 1857, na Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Wapagazi wenyewe, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, ndio waliofanya safari hizo ziwezekane, na hakuna askofu, mvumbuzi wala mfanyabiashara aliyefika bara bila mabega yao, jambo ambalo vitabu vya kumbukumbu vya misheni hulitaja kwa haraka mno.

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, baada ya kupata msaada wa misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa wenzao waliokuwa wamekwisha kukaa Bagamoyo kwa miaka kumi. Padre Joachim Pascal, aliyeteuliwa kuliongoza kundi la Ziwa Tanganyika, alikufa njiani kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki waligawana njia kama misafara yote ilivyofanya, wengine wakafika Ujiji mwezi Januari 1879, na wengine, akiwamo Padre Siméon Lourdel, wakaingia Buganda mwezi uliofuata. Katika mpango huo Tabora ilikuwa mahali pa kupita tu, lakini umbali kati ya pwani na maziwa ulionyesha upesi kwamba bila kituo cha katikati, barua, dawa, vitambaa vya kubadilishia chakula na hata wamisionari wapya wangepotea njiani. Kwa sababu hiyo kituo kilianzishwa Unyanyembe mwaka 1881, na miaka michache baadaye Kipalapala ikawa makao yake.

Wakazi wengi wa Kipalapala ya kwanza walikuwa watoto. Walikuwa wamekombolewa utumwani, na neno kukombolewa linaficha ukweli kwamba mara nyingi walinunuliwa kwa vitambaa kutoka kwa wafanyabiashara wale wale walioendesha misafara, desturi iliyozua swali ambalo halikuwa na jibu rahisi hata wakati ule: je, fedha ya misheni haikuongeza wateja katika soko ambalo misheni ilitaka lifungwe? Lavigerie alitetea ukombozi huo kama tendo la huruma lisiloweza kungoja siasa, ingawa mwaka 1888 yeye mwenyewe alianza kuzunguka miji mikuu ya Ulaya akidai biashara ya watumwa ikomeshwe kwa nguvu. Watoto wa Kipalapala walifundishwa katekisimu na kulima, wakaishi kwa saa zilizopangwa, na wachache waliotoka katika nyumba za ukombozi za shirika walipelekwa mbali zaidi kusoma. Mfano unaojulikana ni wa Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akakombolewa Algeria, akasomea utabibu Malta kwa gharama za Lavigerie, akasafiri kwa njia hii ya misafara na kufika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889, ambako alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Mwaka 1887 Kipalapala ilishuhudia pia tukio lisilokuwa na mfano katika bara la Afrika Mashariki wakati huo, pale Askofu Léon Livinhac alipomweka wakfu Jean-Baptiste Charbonnier kuwa askofu wa eneo la Tanganyika. Charbonnier alifariki mwaka uliofuata.

Amani ya kituo ilitegemea hisani ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Wazungu walimwita Siki, na hisani hiyo ilipungua kadiri habari za vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani zilivyopanda kutoka pwani. Mwaka 1889 wamisionari waliiacha Kipalapala na kuelekea upande wa Ziwa Victoria. Isike naye hakubaki salama kwa muda mrefu: Wajerumani walipoivunja ngome yake mwezi Januari 1893, aliwasha ghala la baruti ili asikamatwe akiwa hai.

Miaka 35 hivi iliyofuata ilibadilisha njia yenyewe. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi ikakosa kazi katika muda mfupi. Wabelgiji waliuteka mji mwezi Septemba 1916, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikawa chini ya Waingereza. Upande wa Kanisa, seminari ndogo, yaani shule ya bweni ya sekondari kwa wavulana wanaofikiria upadre, ilikuwa imeanzishwa Rubya katika eneo la Bukoba mwaka 1904, na mwaka 1917 mapadre wanne wazalendo walipata daraja, wa kwanza katika nchi ambayo baadaye ikaitwa Tanganyika. Kutokana na mafanikio hayo haikuwezekana tena kudai kwamba kijana wa Kiafrika hawezi kustahimili miaka ya Kilatini na useja, ingawa wapo walioendelea kudai hivyo, na hitaji la seminari kuu kwa vikarieti za magharibi likawa wazi. Vikarieti ni eneo la misheni lililo chini ya askofu kabla halijawa jimbo kamili. Nyumba iliyofunguliwa Kipalapala mwaka 1925 ilijibu hitaji hilo, na ilijengwa kwa makusudi mahali ambapo makaburi na kumbukumbu za misheni ya kwanza zilikuwa bado karibu.

Mwanafunzi wa seminari kuu aliitwa frateri, yaani ndugu, na kwa miongo minne ya kwanza siku yake haikutofautiana sana na ile ya kijana wa Carthage au wa Saint-Sulpice. Kengele ililia alfajiri na mapema, na katika nyumba za desturi hii aliyekuwa zamu ya kuamsha wenzake alipita akigonga mlango baada ya mlango huku akitaja jina la Bwana kwa Kilatini, naye aliyelala alipaswa kujibu kwa Kilatini kwamba anamshukuru Mungu, jibu lililokuwa ushahidi kwamba kweli ameamka. Kisha zilifuata tafakari ya kimya na Misa, baadaye usafi wa nyumba, ndipo masomo yaanze. Kabla ya chakula cha mchana palikuwa na dakika chache za kuchunguza dhamiri juu ya kosa moja tu ambalo kila mtu alikuwa amejichagulia kupambana nalo kwa kipindi kizima, zoezi ambalo Wasulpisi walilithamini kuliko mengine. Katika bwalo hapakuwa na mazungumzo: frateri mmoja, kwa zamu, alisimama akisoma kwa sauti maisha ya mtakatifu au historia ya Kanisa, akisahihishwa hadharani pale alipokosea kutamka, na wengine walikula wakisikiliza hadi gambera, yaani padre mkuu wa nyumba, atoe ishara ya kuruhusu maneno. Usiku, baada ya sala ya mwisho, ulianza ule ulioitwa kimya kikuu, ambao haukuvunjwa mpaka asubuhi isipokuwa kwa ugonjwa au hatari.

Masomo yalitolewa kwa Kilatini, na vitabu vya falsafa na teolojia vilivyotumika katika seminari nyingi za wakati huo, kama vile vya Msulpisi Adolphe Tanquerey, vilikuwa vimeandikwa kwa lugha hiyo. Frateri kutoka Usukuma alifikiri kwa Kisukuma, akamwomba mwenzake Mfipa chumvi kwa Kiswahili, akajibu mtihani wa utatu wa Mungu kwa Kilatini, na baada ya vita kuu ya pili alihitaji pia Kiingereza cha kuzungumza na ofisi za serikali. Mtu anaweza kuhoji kama muda uliotumika kunyoosha sarufi ya Kilatini haukuwa mwingi kupita kiasi kwa mapadre ambao wangeishi maisha yao yote wakihubiri kwa lugha za nyumbani, lakini inapaswa kukubaliwa pia kwamba usawa wa mitihani na wa vitabu uliwapa mafrateri hoja isiyopingika mbele ya wale waliotaka padre Mwafrika awe padre wa daraja la pili.

Alasiri ilikuwa ya jembe. Udongo wa Tabora ni wa kichanga na mvua zake hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, hivyo nyumba yenye vijana wengi haikuweza kutegemea soko, na kazi ya shamba, bustani na mifugo ilikuwa sehemu ya ratiba sawa na hesabu ya rozari. Walezi waliitazama kazi hiyo kama kipimo cha unyenyekevu, ila kwa vijana waliolelewa katika kaya za wakulima haikuwa na ugeni wowote, na pengine hapo ndipo ratiba ya Kifaransa ilipokutana na maisha ya nyumbani bila msuguano. Msuguano ulikuwa kwingine. Kijana wa Kinyamwezi alikuwa amefundishwa kwamba mtu mzima hali peke yake, hanyamazi mbele ya mgeni na hakosi msiba wa ndugu, na sasa alitakiwa kuomba ruhusa ya kuandika barua, kula bila kusema na kuumaliza mwaka mzima bila kukanyaga kwao. Wengi waliondoka kabla ya mwisho, wengine kwa hiari, wengine kwa uamuzi wa walezi ambao haukukatiwa rufaa, na safari nzima kutoka seminari ndogo hadi upadre ilipita miaka kumi na miwili kwa kawaida.

Hatua za safari hiyo zilionekana kwa macho. Baada ya miaka ya falsafa, frateri alikatwa nywele kidogo na askofu kama alama ya kuingia katika utumishi wa Kanisa, kisha akapokea daraja ndogo nne, za mlinda mlango, msomaji, mpunga pepo na mtumishi wa altare, halafu ushemasi mdogo uliomfunga kwa useja, ushemasi na hatimaye upadre. Papa Paulo VI alifuta sehemu kubwa ya mpangilio huo mwaka 1972, akabakiza huduma za usomaji na utumishi wa altare pamoja na daraja za ushemasi, upadre na uaskofu.

Wanafunzi walifika kutoka mbali, na reli iliifanya Kipalapala kuwa njia panda kwa mara ya pili. Waliotoka upande wa Karema na Ufipa waliweza kupanda Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani wakati wa vita, ikaibuliwa na kurudi kazini Ziwa Tanganyika mwaka 1927, wakashuka Kigoma na kupanda treni hadi Tabora, wakiifuata kwa kurudi nyuma njia ile ile ya misafara ya Ujiji. Waliotoka Mwanza walipata tawi lao la reli mwaka 1928. Hata Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilileta wanafunzi wake hapa kabla ya seminari ya Kachebere kufunguliwa mwaka 1939, akiwamo Cornelio Chitsulo, aliyepata upadre mwaka 1937 na miaka 20 baadaye akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mzalendo wa nchi hiyo. Kijana wa Dedza na kijana wa Sumbawanga walikutana katika bweni moja bila lugha ya pamoja isipokuwa Kilatini na Kiswahili walichojifunza kwa haraka.

Karibu na seminari kulikuwa na kazi nyingine iliyoifanya Kipalapala ijulikane hata kwa watu wasiowahi kumwona frateri, nayo ni kiwanda cha uchapaji cha Tanganyika Mission Press, ambacho kwa ufupi kiliitwa TMP. Vitabu vya sala, katekisimu, vitabu vya shule na hadithi vyenye jina la TMP Tabora vilienea katika nyumba za Tanganyika nzima, na gazeti la Kiongozi, ambalo halipaswi kuchanganywa na gazeti la serikali ya Kijerumani lenye jina hilo hilo lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, lilianza kutolewa Tabora mwaka 1950. Si rahisi kupata mji wa bara wenye ukubwa wa Tabora uliotoa Kiswahili kingi kilichochapwa kama huo katika miaka ya kabla ya uhuru. Wamisionari wapya, kwa upande wao, walikuja Kipalapala kujifunza Kiswahili, hata ikatokea kwamba mahali pamoja Mwafrika alisoma Kilatini na Mzungu alisoma Kiswahili.

Kufikia hapo Ufaransa ilikuwa imekwisha kufifia katika majina ya watu. Shirika lilijaa Waholanzi, Wakanada na Wajerumani; Cornelius Bronsveld, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Tabora mwaka 1953, alikuwa Mholanzi, na nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1960 na Marko Mihayo, mzalendo. Kilichobaki cha Kifaransa kilikuwa ile kanuni, na hiyo nayo ilianza kulegezwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wote uliofanyika Roma kati ya 1962 na 1965, ambao hati yake juu ya malezi ya mapadre iliwataka maaskofu wa kila taifa watunge mpango wao wa malezi. Kilatini kikapisha Kiingereza darasani na Kiswahili altareni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta maswali mapya kuhusu mali, kazi na kujitegemea, maswali ambayo frateri mwenye jembe mkononi aliyaelewa upesi kuliko profesa wake, na ingawa serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni kufuatia sheria ya elimu ya mwaka 1969, seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa.

Walezi nao walibadilika. Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye katika Ufipa, alisoma Kipalapala, akapata upadre mwaka 1971, akarudi kufundisha teolojia ya maadili kwa muda mfupi, kisha mwaka 1978 akawa gambera wa kwanza wa seminari mpya ya Segerea, Dar es Salaam. Mwaka 1998 aliteuliwa kuwa kardinali. Miongoni mwa walimu wa kigeni wa kipindi hicho alikuwamo Aylward Shorter, Mwingereza wa Mapadre Weupe, ambaye kitabu chake juu ya utemi wa Wakimbu kilichapishwa mwaka 1972. Kwa walimu wa aina yake, mizimu, jando, ndoa na matambiko ya ukoo viliacha kuwa mambo ya kukatazwa tu, vikawa mada za darasa la teolojia. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo katika mkutano wao wa mwaka 1976, yaani vikundi vya majirani vinavyosali na kusaidiana nyumbani kwao, mafrateri walilazimika kutoka nje ya uzio mara nyingi zaidi kuliko kanuni ya zamani ilivyoruhusu.

Baada ya seminari kuongezeka, kazi iligawanywa: falsafa ikasomwa katika nyumba kama Ntungamo na Kibosho, na Kipalapala ikabaki kuwa mahali pa teolojia, sambamba na Segerea na Peramiho. Frateri wa sasa hufika akiwa mtu mzima aliyemaliza kidato cha sita, mwaka wa malezi ya awali na falsafa. Huandika kazi zake kwenye kompyuta na mwisho wa juma huenda parokiani kufundisha katekisimu au kuongoza vijana, na kabla ya kupata daraja hutumwa kuishi mwaka mmoja wa uchungaji nje ya seminari. Masifu ya asubuhi, tafakari, kazi ya shamba na kimya cha usiku vingali kwenye ratiba, ingawa masifu husomwa na kuimbwa kwa Kiswahili. Jimbo Kuu la Tabora, ambalo tangu mwaka 2023 linaongozwa na Kardinali Protase Rugambwa, hupata humo sehemu tu ya mapadre wake, kwa kuwa mafrateri wa Kipalapala hutoka majimbo mengi na hurudi makwao, wengi wao kwa basi kupitia barabara ya lami inayopita Nzega au ile ya Itigi, ambayo kwa sehemu kubwa hufuata mwelekeo wa reli na wa njia ya wapagazi.